Wapendwa mnaotoka alfajiri na kurudi usiku, Biblia mnasoma saa ngapi?

MamaWawili
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie kwenye hili maana limenikaa rohoni muda mrefu. Naamka saa 10 na nusu, nachemsha chai, naandaa watoto, mmoja yuko la 3 mwingine la kwanza, saa 11 na nusu niko kituoni Chanika nagombania gari ya Kariakoo na ukikosa siti unasimama mpaka Buguruni. Nauza duka la vyombo la mtu, kukaa ni pale wateja wakikatika. Jioni foleni, nyumbani nafika saa 2 saa nyingine saa 3, hapo kupika, kukagua madaftari, kufua sare, nikishika Biblia kitandani mstari wa tatu usingizi umenibeba, asubuhi naikuta chini ya mto kurasa zimejikunja.

Januari nilianza ule mpango wa kumaliza Biblia nzima kwa mwaka, sura 3 au 4 kila siku, nikaenda vizuri mpaka katikati ya Kutoka, mtoto akaumwa siku 5, kuja kurudi nadaiwa sura karibu 20 nikavunjika moyo nikaacha kabisa. Kinachoniuma zaidi mimi ni mwanakwaya, naimba maneno ya Zaburi watu wanabarikiwa hadi wanalia, na mimi mwenyewe hiyo Zaburi sijaifungua. Hamu ninayo jamani. Naomba aniambie mtu mwenye ratiba kama yangu.

Mjoli77
Dada, pole ila tuambizane ukweli, ni kipaumbele tu. Muda wa kuangalia status za watu tunaupata. Yesu aliamka alfajiri na mapema sana kukiwa bado giza akaenda kuomba, iko Marko 1:35. Amka saa 9.

NesiWaZamu
Mjoli77 ndugu yangu hilo andiko nalipenda sana ila mama anayelala saa 5 usiku ukimwambia aamke saa 9 ataumwa, na akiumwa wale watoto nani atawaangalia. Hata hiyo Marko 1 ukiisoma yote utaona jana yake jioni alikuwa anaponya watu mpaka mji mzima umejaa mlangoni, alimtafuta Baba katikati ya kazi.

MamaWawili mimi ni muuguzi hapa Mwanza, wiki hii naingia asubuhi wiki ijayo usiku, kwa hiyo ile ya "kila siku saa fulani" ilinishinda zamani. Nilichofanya nikaacha kuifunga Biblia kwenye saa nikaifunga kwenye kitu ambacho lazima nikifanye hata dunia ipinduke. Kwangu ni chai. Kabla sijanywa chai yangu ya kwanza, iwe saa 12 asubuhi au saa 10 jioni nikiamka kutoka zamu ya usiku, nasoma kipande kimoja, mistari 10 hivi, nikipata zaidi sawa. Halafu mstari mmoja nauandika kwenye kikaratasi unaingia mfuko wa gauni la kazi, zamu nzima niko nao, kuna siku nimeushika mfukoni nikiwa nafunika uso wa mgonjwa aliyefariki na ndio ulionishikilia nisidondoke. Usiku usijilazimishe sura ndefu, soma Zaburi ya 4, ina mistari 8 tu na inaishia kwenye kulala kwa amani, usingizi ukija hapo umekuja mahali pake.

Na lile deni la sura 20 lifute. Kalenda ndio inadai, Mungu hajakuandikia deni.

MzeeTukuyu
Mwanangu MamaWawili, amani iwe kwako. Mimi ni mstaafu, nafasi ninayo siku hizi, lakini nilikuwa dereva wa lori miaka mingi kwa hiyo naijua hali yako. Kwetu kanisa la Moravian tumelelewa na Neno la Siku, mstari mfupi wa kila siku. Lilianzia Herrnhut kule Ujerumani mwaka 1728, ndugu walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba kuwapa watu neno la siku ile waende nalo kazini, mwaka 1731 kikachapishwa kitabu na mpaka leo kinatoka kila mwaka. Wale walikuwa wakimbizi na mafundi, watu wa jasho kama wewe, ndio maana likatafutwa neno dogo la kubeba. Baba yangu alikuwa analisoma kabla hajashika jembe, basi, na shambani tunaulizwa asubuhi neno lilisemaje, ukisahau unaambiwa tena bila kugombezwa.

Halafu kasome Matendo 8. Yule towashi wa Kushi alikuwa mkubwa wa hazina yote ya malkia Kandake, huyo kazi zake zilikuwa nyingi kuliko zetu wote humu, na Biblia inatuonyesha anasoma Isaya akiwa safarini kwenye gari. Tena kwa sauti, maana Filipo alimsikia. Mungu akamfuata hukohuko barabarani, akambatizia hukohuko. Hiyo gari yako ya Kariakoo mwanangu usiidharau.

Mkatoliki_Arusha
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nalinda usiku, naongeza kidogo tu. Sisi tunafuata masomo ya misa ya kila siku, yamepangwa tayari, sihangaiki leo nisome wapi, na nikijua kanisa zima siku hiyo linasoma hilohilo nakuwa sijisikii peke yangu pale getini. Injili ya siku ni mistari michache, naisoma saa 8 usiku pakiwa pametulia. Hata kama sio mkatoliki unaweza kutafuta mwenzako mmoja kwenye kwaya msome sehemu moja siku moja.

Sikiliza_Kwanza
Kwenye daladala usitoe simu dirishani wataikwapua, hasa pale gari zinaposimama kwenye mataa. Pakua Biblia ya kusikiliza ya Kiswahili ukiwa na bando au waifai, ukishapakua haili bando, weka simu ndani ya mkoba, earphone sikio moja. Marko yote sura 16 ni kama saa moja na nusu mpaka mbili tu, yani kwa safari yako unaimaliza siku moja kwenda na kurudi. Ila mi nakushauri usikimbie, sikiliza sura moja kwenda na ileile kurudi, ya asubuhi unasikia hadithi, ya jioni unasikia maneno.

MamaWawili
MREJESHO. Wapendwa ni wiki mbili sasa, mbarikiwe sana wote, na kaka Mjoli77 pia, zile status nimepunguza kweli.

Nimefanya hivi, Marko kwenye gari sura moja kwenda na kurudi, na usiku tukishakula, vyombo bado mezani, mtoto wa la 3 anatusomea mistari kadhaa ya sura ileile kwa sauti kwenye Biblia yangu, mimi nakunja nguo. Siku 14 nimekosa 4, ila sijarudi nyuma kulipa, naendelea nilipoishia. Yule mama aliyetokwa damu miaka 12 nimemsikia nikiwa nimesimama pale Gongo la Mboto, watu wamenibana kila upande, na yeye alikuwa amebanwa hivyohivyo kwenye umati akagusa vazi tu, machozi yakanitoka mbele za watu. Nilikuwa nalijua hilo andiko tangu Sunday school ila nilikuwa sijawahi kuwa ndani yake. Jumapili iliyofuata niliimba tofauti, hata mwalimu wa kwaya aliniuliza.

Sasa nina swali lingine. Usiku huo tukasoma mwanzo wa hiyo sura ya 5, wale nguruwe kama elfu 2 wakaingia baharini wakafa. Mdogo akauliza mama, wenye nguruwe walilipwa? Nimemwambia ntauliza. MzeeTukuyu na wengine nisaidieni, kila jioni nikifika mlangoni ananiuliza kama nimejibiwa.