Nimepewa uenyekiti wa kikoba, naogopa kumdai mtu mzima

Wakuu habari za jioni. Nina miaka 27, wamenipa uenyekiti wa kikoba chetu cha mtaani, tuko 24. Sasa kuna mama mmoja rika la mama angu kabisa, wiki ya tatu hajaleta marejesho ya mkopo na akija anakaa pale karibu na boksi anapiga stori tu, watu wote wananiangalia mimi. Juzi nikafungua mdomo sauti ikakata, nikajikuta nasema haya tuendelee na hisa. Mnafanyaje jamani?

Jibu 1
Pole mdogo wangu. Usimseme mbele za watu, mfuate kwake, shikamoo, ulizia watoto, hela mwishoni. Mie mdaiwa wangu nilikuta kumbe mume kalazwa na mfuko wa jamii, ile hela ya kikundi ya kusaidiana kwenye shida, tunao, hamna aliyemwambia aombe.

Jibu 2
Kwenda sawa ila usiende peke yako, nenda na mweka hazina maana kesho utaambiwa umemtukana. Na katiba si mnayo? Tangu ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi kama vyenu vinatakiwa visajiliwe, daraja la nne, yaani lile la vikundi vya kijamii, kwa hiyo kipengele cha faini akisome katibu kikaoni, we tulia tu hapo.

Jibu 3
Wadhamini wake wako wapi? Anza na hao, utaona hela inavyokuja mbio.

Mleta mada
Mdhamini wake mmoja ni mama angu mzazi 😂😂 ndo maana silali