Wewe uliyepiga picha riwaya nzima dukani kwangu Mtwara, kanga ya mama yangu imekuumbua

Wakuu, mtanisamehe, naandika nina hasira na hata chai sijanywa.

Jana usiku kwenye grupu letu la wazazi la WhatsApp imetumwa PDF. Riwaya ya Kiswahili, mwandishi wa hapa hapa nchini, jina silitaji nisije nikamtangazia mwizi. Aliyetuma kaandika "kitamu hiki, someni bure" na watu wakammiminia dole gumba. Na mimi nikaifungua. Ukurasa wa kwanza, kona ya juu, pameandikwa kwa penseli 9,500. Mwandiko wangu! Nikasema labda nimefananisha. Nikashuka chini. Katikati nikakuta doa la maji lenye umbo la jembe, na doa hilo nalijua, ni bati la dukani lilivuja mvua za Aprili. Halafu pembeni ya picha, chini ya kitabu, kitambaa chekundu na maneno yanasomeka: MWENYEJI APONE.

Hiyo ni kanga ya marehemu mama yangu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nimeitandika mezani tangu nifungue duka.

Sasa nimekukumbuka. Ulikuja mchana, jua la Mtwara unalijua, ukasema "kaka, nisome kidogo nipishe joto." Nikakupa kigoda, nikakuagizia na dafu. Ikaadhiniwa, nikaenda kuswali adhuhuri, nikakuachia duka. Nikakuachia duka, wakuu! Niliporudi nakuta jasho linakutiririka utadhani umetoka kupakia magunia ya korosho, unasema "kizuri, nitarudi mwisho wa mwezi." Nami nikakuombea heri.

Kabla hamjanirukia: sina ugomvi na anayesoma bila kununua. Kwangu kuna mkeka, watoto wakitoka shule wanakaa wanasoma mpaka mama zao wanakuja kuwafukuza. Kuna binti wa kidato cha pili anasoma kitabu kimoja mwezi wa pili sasa, anaweka tiketi ya basi pale alipoishia na anakirudisha rafuni mwenyewe, mgongo umetazama nje. Wala simdai. Wapo wanaodunduliza, leo 1,000, wiki ijayo 500, wengine wananiambia kabisa "kaka, nisubiri mnada wa korosho." Nasubiri. Mwezi wa kumi na moja wanakuja kweli, na wanalipa. Huyo nimuiteje kama si msomaji?

Ninachokasirikia ni huyu aliyekunywa dafu langu.

Na usiniambie vitabu ghali. Kile nimekinunua Dar 7,500. Weka gharama ya boksi kwenye basi, kodi ya fremu, umeme. Ikibaki 1,000 nashukuru Mungu. Mwaka 2024, mwezi wa tano, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya kusini, boksi langu lilikwama njiani siku kadhaa na kufika limelowa kama mkate kwenye chai. Nilianika vitabu uani siku tatu, mke wangu anafukuza kuku. Hapo hujahesabu chumvi ya bahari inayokula hata pini za madaftari, wala mchwa. Na maboksi mawili ya vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani ambavyo tangu mtaala mpya uanze Januari 2024 havina mwenyewe, ila hilo ni la uzi mwingine, nikilianza hapa sitamaliza.

Najua kuna watakaokuja kusema elimu haiuzwi. Sawa. Mwandishi wa kile kitabu yuko hai, anakula. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Wewe umemlinda dakika ngapi? Muda wa mimi kuswali.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba grupu zima wamekisoma. Grupu zima! Hawa hawa tunaoambiwa watu wa kusini hawasomi, usiku wa manane walikuwa wanabishana kama yule mume alistahili kurudiwa. Raha niliyoisikia na hasira niliyokuwa nayo, sikujua nianze na ipi. Asubuhi mama mmoja kanifuata faragha: "Mwenye duka, kitabu cha pili cha huyu mwandishi unacho?" Moyo ukaruka. Nikamjibu ninacho, 11,000. Akaniandikia, "Aa, nilimaanisha PDF."

Mimi! Muuza vitabu!

Basi wewe mpiga picha, najua umo humu, PDF yako ilianzia kwenye grupu na magrupu yanajuana. Ile nakala ipo. Umeilazimisha ilale bapa upate picha nzuri, mgongo umepasuka, kurasa zinachomoka, simuuzii mtu. Nimeiweka juu ya kanga ile ile. Ni 9,500, na dafu 1,000. Duka unalijua, kigoda kipo pale pale, ila adhuhuri siku hizi nafunga mlango.