Shule ya kimataifa: lugha mbili za kigeni, au moja pamoja na ya nyumbani?

Mama Zawadi
Wazazi wenzangu, naomba mnisaidie kulinganisha. Binti yangu ana miaka 7, nyumbani ni Kiswahili tu. Shule A inafundisha kwa Kiingereza, ila watoto wa Kiswahili wana mwalimu wao vipindi vitatu kwa wiki, ndani ya ratiba. Shule B ni nusu Kiingereza nusu Kifaransa, Kiswahili hakipo. Baba yake anavutwa na B, mtoto atoke na lugha tatu. Mimi roho inasita.

BabaWatatu
Dada, nenda B. Wangu wa kwanza alikuwa anacheza kwa Kifaransa kabla mwaka haujaisha. Kiswahili anacho nyumbani, nani atamnyang'anya?

Mwalimu wa Darasa la Nne
Kaka, hapo pa kucheza ndipo wengi tunapodanganyika. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alitenganisha lugha ya maongezi na lugha ya masomo tangu 1979. Ya maongezi huja kwa miaka 2 hivi. Ya masomo, ile ya kueleza sababu na kujenga hoja, huchukua 5 hadi 7.

Nina mvulana anayepiga soga na wenzake kutwa. Nikauliza darasa: matone yaliyo chini ya kifuniko cha sufuria yametoka wapi? Akaandika "maji ni moto", akaweka kalamu. Nikamwambia aandike kwa lugha ya kwao. Akajaza nusu ukurasa: maji yanapanda yakiwa mvuke, yanagusa kifuniko kilichopoa, yanarudi kuwa matone. Hata mishale alichora. Mimi sikuielewa lugha yake, msaidizi ndiye aliyenisomea. Nilikuwa nimempa alama 2 kwa miezi mizima, na sayansi alikuwa nayo muda wote.

BabaWatatu
Lakini si hukohuko Kanada watoto walifundishwa kwa Kifaransa tangu chekechea, wakafaulu?

Mwalimu wa Darasa la Nne
Ndiyo, Saint-Lambert, mji ulioko Quebec, 1965. Ila wale walikuwa watoto wa Kiingereza, na Kiingereza kiliwazunguka kila upande, baadaye kikaingia hata darasani. Lugha yao haikuwa hatarini. B inamfaa mtoto ambaye mojawapo ya lugha zake mbili ndiyo ya kwao.

Msomaji Mtulivu
Naongezea. Shule za Ulaya (European Schools, mtandao wa shule hasa za watoto wa watumishi wa Umoja wa Ulaya), zilizoanza Luxembourg mwaka 1953, humwanzisha mtoto kwa lugha yake inapowezekana, ya pili ikianza mapema kama somo. Historia na jiografia kwa lugha ya pili huja sekondari. Na kwenye Diploma ya IB (International Baccalaureate, masomo ya kimataifa ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari) mwanafunzi anaweza kusoma fasihi ya lugha yake kwa kujisomea, shule ikimsimamia, hata kama mwalimu hayupo. Lakini aliyeacha kusoma Kiswahili akiwa na miaka 7 hataibeba riwaya akiwa na 17. Uliza shule zote mbili kama zinaruhusu hilo.

Mama Zawadi
Nimeongea na mratibu wa A. Njia hiyo ya IB ipo. Vitabu vya Kiswahili maktabani ni rafu moja, vingi vya watoto wadogo. Nimemwambia hilo halitoshi. Nikauliza kama Zawadi anaweza kuandika rasimu ya kwanza ya somo lolote kwa Kiswahili, akakubali. B wamesema hapana. Kifaransa A kinaanza darasa la tano, na baba yake ameridhika na hilo, shingo upande kidogo. Fomu tunapeleka kesho.