Kituo chetu cha kujitolea Bwaise: je, tuanze kutoza ada?

Mlezi wa Bwaise
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Hapa Bwaise, katika divisheni ya Kawempe jijini Kampala, Uganda, tunaendesha kituo cha jamii ambacho hakina hata mtu mmoja anayelipwa mshahara. Jioni tunawafundisha watu wazima kusoma na kuandika, tunavyo vyerehani vya mafunzo, na asubuhi watoto hupata uji kabla ya kwenda shule. Elimu ya msingi bila ada ilianza nchini mwaka 1997, lakini mzazi bado anatakiwa kutafuta sare, madaftari na chakula, na mtoto mwenye njaa hasikii anachofundishwa. Sasa kodi ya nyumba imepanda, na wenzetu wanaotoka mbali wameanza kushindwa na nauli ya bodaboda. Baadhi ya wanakamati wanataka kila anayeingia alipe kidogo. Mimi nahofia kwamba wale tuliowakusudia ndio watakaokuwa wa kwanza kutoweka. Ninyi mmefanyaje?

Fundi wa Katwe
Dada, uji usiutoze hata shilingi moja. Mama asiye na mia tano hatakuja kukuambia kwamba hana. Atamzuia mtoto nyumbani, nanyi mtadhani shida yake imekwisha. Vyerehani ni jambo jingine. Kwetu mwanafunzi hujifunza bure, lakini aliyekwisha kuhitimu, akija kushona sare za kuuza, hulipia muda aliotumia mashine, na fedha hizo ndizo zinazonunua sindano na kuwalipia walimu nauli. Nauli si mshahara. Anayejitolea akilazimika kutoa na fedha zake pia, baada ya muda watabaki wenye uwezo peke yao, na wakazi wa mtaa watakuwa wa kupokea tu.

Mzee wa Masese, Jinja
Naungana na Fundi, ila uamuzi huo usiwe wa kamati peke yake. Mwombeni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, aitishe mkutano, kisha daftari la mapato na matumizi lisomwe mbele ya wakazi, kwa Luganda na kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia walioathiriwa na UKIMWI, ilianzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, wengi wao wakiwa wenyewe wameguswa na ugonjwa huo, na naamini nguvu yake ilitoka hapo: wenye shida ndio walioshiriki kuamua. Tena, kama hamjaandikishwa, fanyeni hima: Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 inavitaka vikundi vidogo vya kijamii vijiandikishe kwenye kamati ya wilaya, na mfadhili makini huuliza cheti kabla ya jambo lolote.

Jirani wa Kalerwe
Mwenzangu, kabla ya kugawa hizo fedha za vyerehani, tenga za mvua. Bwaise imejengwa kwenye ardhi oevu, na mfereji wa Lubigi ukifurika maji huingia ndani usiku. Rafu za vitabu zipandisheni juu ya usawa wa madirisha, na magunia ya unga yasikae sakafuni hata kwa siku moja.

Mlezi wa Bwaise
Asanteni sana. Nitamwona mwenyekiti wiki hii kuhusu mkutano, na daftari nitalisoma mwenyewe.