Tupeane uzoefu: maneno ya Kiingereza yanayokaribiana tahajia lakini maana mbali

Wakuu, kazi yangu ni kupitia maandishi ya watu kabla hayajachapwa. Neno lililokosewa herufi halinisumbui, kompyuta inalipigia mstari mwekundu. Linaloponyoka ni lile lililoandikwa sahihi kabisa ila silo. Juzi mkataba ulisema kampuni "shall effect payment", yaani italipa. Ukarudi kwangu umeandikwa "affect payment", yaani itaathiri malipo! Aliyechapa alifundishwa kwamba affect ni kitenzi na effect ni nomino, akaona anasahihisha. Kanuni hiyo inasaidia mara nyingi, lakini effect nayo ni kitenzi: kutekeleza, kulifanya jambo litokee. Ninyi mmekutana na yapi?

Jibu la 1
Mkuu, mimi natafsiri maandiko ya dini. Lililonikamata ni let. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, 2 Wathesalonike 2:7, inasema "he who now letteth will let". Ukiisoma kwa Kiingereza cha leo, kuna mtu anaruhusu. Fungua Biblia yetu: "yuko azuiaye sasa". Kinyume chake kabisa! Nikazama kwenye kamusi, kumbe yalikuwa maneno mawili. Kiingereza cha kale kilikuwa na lætan, kuruhusu, na lettan, kuzuia. Yakasogeleana mpaka yakaandikwa sawasawa, kisha lile la kuzuia likaachwa. Mabaki yake yapo: pasipoti ya Uingereza inaomba mwenyewe apite "without let or hindrance", na kwenye tenisi mpira wa kuanzia ukigusa wavu ukaangukia panapotakiwa, mwamuzi anaita let na unapigwa upya. Siku hizi maneno mafupi ya kale ndiyo ninayoyatafuta kwanza kwenye kamusi, hata yale ninayodhani nayajua.

Jibu la 2
Kwangu ni discreet na discrete. Nafundisha takwimu, na karatasi za wanafunzi zimejaa "discreet data", yaani data zinazojua kutunza siri. Nawaonyesha kwamba kwenye discrete herufi t imezitenga e mbili, na maana yenyewe ndiyo hiyo: vitu vilivyotengana. Inawakaa.

Jibu la 3
Naongezea flour na flower. Lilikuwa neno moja. Unga laini uliochekechwa uliitwa ua la nafaka, yaani sehemu yake bora. Metal (metali, kama chuma) na mettle (moyo wa ujasiri) vilevile, asili moja.

Jibu la 4
Wapenzi wa tamthilia za zamani, angalieni quean. Siyo queen. Lilikuwa tusi kwa mwanamke wa tabia mbaya, na Shakespeare amelitumia. Nilipakua nakala ya tamthilia yake ambayo mtu aliipitisha kwenye programu ya kusahihisha tahajia, na kila quean ikawa queen. Mume anamfukuza mwanamke nyumbani kwa hasira huku anamwita malkia! Ukiona tusi halieleweki kwenye nakala ya namna hiyo, tafuta picha ya chapa ya zamani ulinganishe.