Hii "15G" ya df imenifedhehesha mbele ya mteja

Assalaam alaykum wakuu. Nilikaa kimya siku mbili hasira zishuke. Hazikushuka, basi naandika.

Mie nina kibanda cha kompyuta hapa Mlandege, Unguja. Juzi asubuhi kaja mzee wa Pemba, boti yake karibu kuondoka, anataka video za harusi ya mwanawe aende nazo Chake. Kanipa diski ya nje, nusu ishajaa mambo yake. Napiga `df -h`, amri ya Linux ya kuonyesha nafasi ya diski kwa namba fupi: iliyobaki 15G, yaani gigabaiti 15. Napiga `du -sh`, ya kupima ukubwa wa folda, kwenye folda ya harusi: 15G. Nikamwambia, "Zitabana mzee, lakini zinaenea." Akakaa kwenye benchi, tikiti mkononi.

Karibu na mwisho `cp`, amri ya kunakili, ikagoma, diski imejaa. Na iliyobaki nje ni video ya bibi harusi akitolewa, yaani yenyewe hasa!

"Mwanangu, si umesema zinaenea?"

Nikapima kwa baiti, `df -B1` na `du -sb`. Nafasi: 15,143,903,232. Folda: 15,987,650,104. Pengo la megabaiti mia nane na ushei, na zote mbili zimeandikwa 15G! Kumbe amri hizi za GNU, zinazokuja na Linux, zikiwa na `-h`, hupandisha kila namba juu, na ikishafika kumi desimali inatupwa. 14.1 inakuwa 15, 14.9 nayo inakuwa 15.

Kilichotumika kupandishwa naelewa, ni tahadhari. Lakini kilichobaki? Nani mwenye akili anapandisha kilichobaki? Muuza mchele akiwa na pishi tatu na kibaba kimoja, hakwambii zimebaki nne. Nafasi tupu ishushwe, au basi iachiwe desimali moja. Nafasi ya tarakimu moja kwenye skrini ipo, tusidanganyane.

Halafu hiyo "G" yenyewe. Kwa `df -h` kila kipimo ni mara 1024 ya kilicho chini yake, kwa `df -H` ni mara 1000, na herufi ni ile ile moja! Jina la GiB, la hiyo ya mara 1024, lipo tangu 1998, lakini wapi. Mteja ananunua diski ya TB 1, namfungulia `lsblk`, orodha ya diski, anaona 931.5G, ananitazama kama nimemkatia kipande. Nieleze elfu moja na elfu moja ishirini na nne mpaka koo likauke, na wengine wanaondoka bado wana shaka nami.

Msije hapa na "tumia `-B1`". Naijua, ndiyo niliyoitumia baada ya fedheha. Tarakimu kumi na moja, mteja kasimama, boti inapiga honi, nani anazihesabu?

Mzee kaondoka bila ya video ya bibi harusi. Nimeitia kwenye flashi yangu mwenyewe, kesho naipeleka bandarini Malindi nimpe mtu wa boti. Flashi hiyo siidai.