Nina Jumamosi moja tu Kyoto: Katsura au Shugakuin?

MwanaIfakara
Wakuu, salaam. Naombeni mwongozo. Nimebakiwa na Jumamosi moja huru na nataka kuitumia Kyoto kutembelea majumba ya zamani ya kifalme na bustani zake. Mahekalu nimeyaona ya kutosha. Nimechuja hadi zimebaki mbili, Katsura Rikyu na Shugakuin Rikyu, na kila ninakosoma zote zinasifiwa. Niende ipi? Au zote mbili zinawezekana? Ombi la kuingia nataka nilitume wiki hii.

Relini
Mleta mada, unatokea mji gani? Mwezi gani? Uko peke yako au na watu? Katsura iko magharibi, ng'ambo ya mto Katsura, na Shugakuin iko kaskazini mashariki chini ya mlima Hiei. Zote mbili kwa siku moja zinawezekana, lakini sehemu kubwa ya siku utaimalizia kwenye treni. Leta maelezo kwanza.

Nyuki_Tabora
Shugakuin. Niliishi Kyoto miaka mitatu na ndipo mahali nilipopakumbuka zaidi nilipoondoka. Aliyeijenga ni Go-Mizunoo, mfalme aliyekuwa ameshaachia kiti, na kazi ikakamilika 1659. Ni bustani tatu, ya chini, ya kati na ya juu, na katikati yake kuna mashamba ya mpunga yanayolimwa na wakulima wa jirani mpaka leo. Unapanda kuelekea ya juu katikati ya vichaka vilivyokatwa vikawa kuta, huoni kitu kushoto wala kulia. Halafu unatokea kwenye banda la Rin'un-tei, na ghafla bwawa lote liko chini yako na milima nyuma yake. Wenyewe wanaita shakkei, mandhari ya kuazima: mlima si wao, lakini wameupanga uwe sehemu ya bustani yao. Na kiingilio ni bure.

ChokaaNaMawe
Kwa heshima ya Nyuki, mimi ni Katsura na sitabadilika. Nimesomea usanifu majengo na hakuna nyumba iliyonifundisha kama ile. Mwanamfalme Toshihito aliianza mwanzoni mwa karne ya 17, mwanawe Toshitada akaiendeleza. Sakafu imeinuliwa juu kwa sababu mto ule hufurika. Vyumba vimepangwa kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, kama bukini wanaoruka kwa mshazari. Bwawa hulioni lote kwa mara moja hata ufanyeje, njia inakufunulia kipande kimoja kimoja. Bruno Taut, msanifu Mjerumani, alipelekwa pale tarehe 4 Mei 1933, siku moja tu baada ya kufika Japani, akawa msemaji wa jumba lile kwa dunia nzima. Kiingilio yeni 1,000.

BintiMicheweni
ChokaaNaMawe, Katsura naipenda pia, lakini wanafunzi wa Taut mmezidi kuhubiri unyofu wa jumba lile, kana kwamba halina urembo. Umeingia Shokintei? Ile nyumba ya chai ina karatasi za miraba ya buluu na nyeupe ukutani, unaziona tangu mbali. Huo ni urembo mtupu, na wa kuthubutu. Aliyejenga pale alikuwa anafurahi.

ChokaaNaMawe
Sijasema hakuna urembo. Nasema umewekwa pale unapohitajika.

BintiMicheweni
Basi tunakubaliana zaidi ya unavyofikiri.

MamaTumu
Naomba niseme kilichonipata, kisimpate mwingine. Mwaka ule wadogo zangu wawili walinitembelea, nikaona nisihangaike, nikalipia safari ya siku moja kwa kampuni ya utalii ambayo sitaitaja. Tangazo lilisema "majumba na bustani za kifalme", sita kwa siku. Saa mbili asubuhi tuko kwenye basi. Mahali pa kwanza dakika 25, pa pili dakika 20, kila tukianza kutulia tunaitwa. Tulipofika Katsura yule kijana wa kutuongoza alishuka, akazungumza na walinzi, akarudi uso umembadilika. Kumbe hakuna aliyetuombea ruhusa. Pale ombi linataka majina ya wanaoingia, na mlangoni unaonyesha pasipoti. Alichofanya ni kutuzungusha nje ya ua. Ule ua ni mianzi hai iliyokunjwa na kufumwa ubavuni, mzuri kweli, lakini nililipa pesa nyingi kutazama ua. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameisoma Katsura tangu chuoni. Alisimama pale akashika jani moja, hakusema neno. Mpaka leo likinijia linaniuma. Pesa hazikurudi. Kwa hiyo mleta mada, ombi lako litume mwenyewe kwa mkono wako. Mtandaoni hufunguliwa miezi 3 kabla. Ukikosa, kuna tiketi za siku hiyohiyo zinazotolewa palepale, ila uwahi.

MwanaIfakara
Pole sana MamaTumu. Samahanini, kweli niliacha mengi. Nipo Kobe kwa mafunzo. Ni wiki ya mwisho ya Novemba. Nitakuwa na mama yangu, ana miaka 66 na goti moja linamsumbua, na dada yangu na mwanawe wa miaka 9.

Relini
Hayo ndiyo ya kuanza nayo, ndugu yangu! Mtoto wa miaka 9 haruhusiwi Katsura wala Shugakuin. Zote mbili unatembea na kundi na kiongozi, huwezi kumwacha mtu akakaa. Gawanyikeni hivi: kutoka stesheni ya Sannomiya hapo Kobe pandeni treni ya Hankyu, badilisheni Juso, shukeni stesheni ya Katsura. Wewe na mama mtembee kama dakika 20 hadi kwenye jumba. Dada na mtoto wabadilishe hapohapo kwenye tawi la Arashiyama, ni dakika chache tu, waende Okochi Sanso. Ni makazi ya mwigizaji Okochi Denjiro, aliyejenga bustani yake kilimani kwa miaka 30. Nilipokwenda tiketi ilikuwa na matcha, chai ya kijani ya unga, na kitafunwa ndani yake. Mchana mkutane huko.

Nyuki_Tabora
Katsura kwa goti bovu? Yale mawe ya kukanyagia hayalingani hata mawili. Yanakulazimisha utazame miguu.

ChokaaNaMawe
Ndiyo makusudi yake. Unatazama chini, ukiinua macho kuna kitu kipya.

Relini
Na Shugakuin ni kama kilomita 3 za kupanda na kushuka kwenye kokoto. Nyuki, tuwe wakweli.

BintiMicheweni
Mpelekeni mama Murin-an, karibu na stesheni ya Keage. Ilikuwa nyumba ya Yamagata Aritomo, jenerali na mwanasiasa, na bustani ni kazi ya mtunza bustani Ogawa Jihei, miaka ya 1890. Ni ndogo, tambarare, maji yake yanatoka mfereji wa ziwa Biwa. Unakaa kwenye mkeka ukanywa chai, bustani iko mbele yako. Mtoto anaingia. Hifadhini nafasi mapema tu. Ghorofani kwenye jengo la matofali ndipo Yamagata na viongozi wenzake Ito, Katsura Taro (mtu, si jumba) na Komura walipokutana Aprili 1903 kuzungumzia Urusi, na mwaka uliofuata vita vikaanza. Na kule kuvumwani, vile vimimea laini vya kijani vya penye unyevu, imefunika ardhi kama zulia.

ChokaaNaMawe
Kuvumwani si ile ya kwenye mawe na magome? Kuvu na mwani.

BintiMicheweni
Kwetu yote tunaita hivyo.

MamaTumu
Mimi nimezoea ukoga.

Nyuki_Tabora
Ukoga ni wa meno na wa maji yaliyotuama, MamaTumu.

MwanaIfakara
Nimemsomea mama uzi wote kwa simu. Amelima mpunga Ifakara tangu msichana, kwa hiyo habari ya mashamba ndani ya bustani ya mfalme ndiyo iliyomshika. Anauliza mwishoni mwa Novemba utakuwa bado shambani? Nikamwambia goti je, akasema mashamba ameyatembea nalo.

Nyuki_Tabora
Mpe shikamoo yangu. Utakuwa umeshavunwa, atakuta mabua. Lakini matuta na mifereji ataiona vizuri kuliko wakati mwingine wowote, na momiji, ile miti ya majani yanayogeuka rangi, itakuwa nyekundu kote.

Relini
Basi mtafutie fimbo nzuri. Lakini dada na mtoto asubuhi hiyo wanaachwa wapi?